Mkojo wa alfajiri ulinipotezea wiki mbili

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili, idara ya patholojia, ulikuwa wa mikojo ya watoto wa shule vijijini kaskazini mwa Malindi, kandokando ya Mto Sabaki. Nilitafuta mayai ya minyoo ya kichocho na kutazama seli za kibofu zimebadilika vipi, kwa sababu kichocho cha mkojo kikikaa miaka huweza kuleta saratani ya kibofu. Mimi ni mzaliwa wa Shela hapo Malindi. Tangu utotoni nasikia mvulana akikojoa damu, wazee wanasema amebalehe. Kazi hii niliitaka kwa moyo wangu wote.

Mtu wa maabara niliyemwamini aliniambia, "Chukua mkojo wa kwanza wa alfajiri, ndio mzito." Nikamsikiliza! Wiki mbili naamka saa kumi usiku, nakodi bodaboda, napita nyumba hadi nyumba. Zilinitoka elfu nane na ushee. Mayai yakawa ya kuhesabu kwa vidole, na seli zimevimba, viini vimefifia, kwani mkojo uliolala kibofuni usiku kucha huziharibu. Bado inaniuma. Mkojo wa alfajiri una kazi zake, si hii.

Mayai ya kichocho hiki hutoka kwa wingi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na zaidi mwili ukitikiswa. Basi nikamwendea mwalimu wa michezo: "Mwalimu, nipe watoto nusu saa kabla ya saa tano." Wavulana wakapewa mpira, wasichana wakacheza kati chini ya mikorosho, vumbi likatimka. Walipokuwa wanahema nikagawa vikombe. Nilisisitiza wamalize mpaka tone la mwisho, kwa kuwa mayai mengi huja na matone hayo. Sehemu moja nikaichanganya na spiriti kwa ajili ya seli. Nyingine, mililita 10, nikaisukuma kwa bomba la sindano kupitia kichujio. Chupa usiziache juani, mayai yataanguliwa kabla hujayahesabu.

Mvulana mmoja ambaye alfajiri sikumkuta na hata yai moja, siku ile alikuwa na 63. Kuanzia mayai 50 katika mililita hizo 10 tunahesabu ni maambukizi mazito. Niliruka kwenye kiti.

Mama yake alipokuja kuchukua dawa, prazikwanteli (mtoto ale kwanza, akimeza na njaa anaweza kutapika), nikamwomba aweke jicho kwenye hadubini. Yai refu, rangi ya asali, mwishoni ncha kali, ndani kiluwiluwi kinatetema. Akanyamaza kitambo.

"Mbona lina mwiba, daktari?"

"Ndio unaotoboa kibofu, mama. Damu inatoka hapo."

"Na mdogo wake nimlete lini?"

Nikamwambia kesho, saa tano, na aje akiwa ametoka mbio.