Alikuwa anaona nini?

Darasani kwetu tumechanganyika: marubani, waongoza ndege, watu wa saikolojia, na mimi niliyetokea kwenye ufundi wa ndege. Sote tunasomea uzamili wa masuala ya kibinadamu katika usafiri wa anga, yaani jinsi mwili, akili na mazingira ya kazi ya mtu yanavyogusa usalama wa ndege. Mwanzoni watu wa saikolojia walituacha mbali, maana uchovu, umakini na kumbukumbu walishavisoma, na takwimu hawaziogopi. Tulipofika kwenye ajali zilizoanzia hanga, kule ndege zinakotengenezwa, ndipo nami nikaanza kuongea.

Chukua safari namba 5390 ya British Airways, tarehe 10 Juni 1990. Ndege ikiwa juu ya futi 17,000, kioo cha mbele upande wa kapteni kikachomoka. Kapteni akavutwa nje, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka rubani msaidizi alipotua Southampton. Kapteni alipona. Kioo kile kilikuwa kimetoka kubadilishwa, na kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa na 6 zilizobaki zilikuwa fupi.

Wengi wakishasikia hivyo wanafunga mjadala: fundi kafunga bolti zisizo zake. Msimamizi wangu wa tasnifu hakubali. "Usiniambie alikosea," husema. "Niambie alikuwa anaona nini."

Basi unaanza upya. Fundi huyu ni msimamizi wa zamu, lakini kazi anaifanya mwenyewe kwa sababu watu hawatoshi. Ni usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa ambazo mwili unadai usingizi. Bolti anazichagua kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho, kwenye mwanga hafifu, na tofauti ya unene haifiki hata milimita 1. Hizo za zamani zenyewe, nyingi hazikuwa saizi sahihi, ila kioo kilikuwa kimekaa nazo bila shida. Jukwaa halimfikishi vizuri, inabidi ajinyooshe kukifikia kioo, na akiwa katika mkao huo si rahisi kuona kwamba vichwa vya bolti vimezama kupita kiasi kwenye matundu yake. Tena utaratibu haukudai mtu wa pili akague kazi ile.

Nimefanya zamu za usiku. Najua kuiweka bolti kiganjani na kuiamini kwa sababu imefanana na iliyotoka. Kwa hiyo sikubali kabisa neno "uzembe" liandikwe kabla mtu hajasimama pale fundi aliposimama, saa ileile, na taa zilezile.

Tasnifu yangu inahusu makabidhiano ya zamu. Ajali iliyonivuta huko ni ya safari namba 2574 ya shirika la ndege la Continental Express, Septemba 1991, huko Texas. Zamu moja ilifungua skrubu 47 juu ya bawa la mkia, upande wa kushoto. Kazi ikaishia katikati, habari hazikufika sawasawa kwa zamu iliyofuata, ndege ikarudi kazini bila skrubu hizo. Watu wote 14 waliokuwemo walikufa.

Ninapokaa hanga na daftari langu, ninachofuatilia ni yale yasiyoandikwa. Fundi anayetoka anaonyesha kwa kidole, "hapa bado, pale nimekaza kwa mkono tu," na anayeingia anaitikia huku akivaa ovaroli. Kwenye kadi ya kazi mstari huo haupo. Kadi ina nafasi ya kusaini kazi iliyokwisha. Iliyofika nusu haina pake.

Pia nawajazisha dodoso la NASA la kupima uzito wa kazi, lenye vipimo sita: akili, mwili, haraka ya muda, ufanisi, juhudi na kukereka. Hapo kwenye kukereka wanakawia. Kalamu inasimama, halafu mtu anaanza kusimulia, na kwangu masimulizi hayo yana thamani kuliko alama atakayoweka. Ila hawasimulii mpaka wahakikishe jina halitoki, na wana haki. Kibali cha maadili ya utafiti kilinichelewesha sana, lakini kwa sababu hiyo sikilalamikii.

Kama unatoka kwenye ufundi na unaifikiria kozi hii, anza takwimu mapema, kabla ya muhula kufunguliwa. Mengine unayo tayari. Mimi nikimaliza narudi hanga, na kazi ya kwanza nitakayoiomba ni kukaa na wanaoandika kadi za kazi.