Siku moja kazini: mkalimani wa shule katika mji wa kiwanda cha nyama, Iowa, Marekani

Saa 12:45 asubuhi. Ni simu za mabasi. Mashamba ya mahindi yanatenganisha nyumba na shule, na mtoto aliyeachwa na basi hana njia nyingine: mzazi aliyetoka zamu ya pili kiwandani usiku wa manane ndiyo kwanza amelala. Sababu ya kukosa shule iingizwe kwenye mfumo kabla mahudhurio hayajafungwa. Isipoingizwa, mashine itapiga simu kwa Kiingereza, na mtoto ataandikwa mtoro.

Saa 2:15. Uandikishaji. Hapa ndipo haki ya mtoto inapopatikana au kupotea, tena kwa karatasi. Tunaomba uthibitisho wa umri, anwani na kadi ya chanjo. Hati za uhamiaji si sharti, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe, kwamba shule ya umma haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya hati hizo.

Familia za Kikongo zina jambo la kuangaliwa: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Kompyuta huunganisha ndugu kwa jina la ukoo, hivyo karani asipowaunganisha kwa mkono, barua, basi na fomu za chakula zitakwenda kama za nyumba tofauti.

Kisha fomu ya lugha ya nyumbani. Wazazi wengi huandika "Kiingereza", wakidhani wanamsaidia mtoto. Matokeo yake, mtoto hapimwi Kiingereza, na asiyepimwa hapewi mwalimu wa lugha. Kosa jingine ni kuandika Kiswahili katika nyumba inayozungumza Kinyamulenge au Kibembe. Kwa hiyo kila swali lisomwe kwa sauti, na kabla ya jibu mzazi aelezwe swali hilo ni la kazi gani.

Saa 4. Kipimo cha Kiingereza kiitwacho ELPA21: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Barua ya matokeo imfikie mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule kuanza, au wiki 2 kwa mtoto aliyekuja katikati ya mwaka. Mzazi anaweza kukataa masomo hayo ya lugha, lakini mtoto ataendelea kupimwa kila mwaka mpaka afuzu.

Alama peke yake haitoshi. Mtoto wa Kikongo aliyesoma kambi ya Nyarugusu, Kigoma, amefuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Mwenzake wa umri uleule aliyekulia makambi ya Uganda amefundishwa kwa Kiingereza. Wa kwanza anaweza kujua hesabu vizuri sana na bado akaonekana mzito. Apewe mtihani wa hesabu kwa Kifaransa kabla ya kupangiwa darasa.

Fedha ni tatizo la vijijini hasa. Wilaya ambayo mgao wake wa serikali kuu kwa wanaojifunza Kiingereza haufiki dola 10,000 haipewi peke yake. Lazima iungane na nyingine. Ndiyo maana mwalimu mmoja wa lugha huzunguka shule kadhaa.

Saa 6. Nidhamu. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa wanafunzi weusi husimamishwa masomo kupita uwiano wao. Mtoto aliyelelewa kuinamisha macho anapokemewa huonekana mkaidi. Ripoti ieleze alichotenda, si sura aliyoiweka, na itaje kama mkalimani alikuwepo.

Saa 7 mchana. Kikao cha elimu maalumu, kizito kuliko vyote. Sheria inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, na inataka apimwe kwa lugha yake inapowezekana. Shule nyingine hukosea upande wa pili: humsubirisha mtoto miaka "mpaka ajue lugha", huku hasikii vizuri. Maswali yanayosaidia ni haya: je, alichelewa kusema kuliko ndugu zake? Aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani? Masikio yalitoka usaha? Mama akiongea naye lugha ya nyumbani, anaelewa?

Tengeni saa mbili, maana kila neno linasemwa mara mbili. Kaka au dada asitumiwe kutafsiri. Mkalimani naye hamwambii mzazi asaini au asisaini, anaomba kikao kisimame: "Mama, una swali lolote kabla ya kalamu?" Kisha analipeleka swali kama lilivyo.

Saa 9. Ujumbe kwa wazazi. Wengi walijifunza kusoma kwa Kifaransa, na Kiswahili sanifu cha barua huwapita. Ujumbe wa sauti usiofika dakika moja kwa WhatsApp, jambo moja tu, inafika.

Saa 11 jioni. Mikutano ya wazazi na walimu, na viti vya wazazi wa zamu ya pili viko wazi, kwani waliingia kazini saa 9. Mwalimu asiandike kwamba hawajali. Kalenda inapopangwa Agosti, zitengwe nafasi za saa 6 hadi saa 8 mchana, mkalimani akiwa ameshawekwa.