Duara la Skrini na Doa la Kweli

Siku ile kwenye chumba cha darubini ya konfokali, ile inayomulika seli kwa leza, mwenzangu alikuja na namba iliyomkosesha raha: GFP, protini inayong'aa kijani, ndani ya saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini) ikisambaa kwa mikrometa za mraba 6 tu kwa sekunde. Kuipima, leza hupausha doa dogo, yaani huuzima mwanga wake, kisha unatazama protini inayong'aa ikihamia humo hadi mwanga urejee. Vipimo vilivyochapishwa 1997 vinaiweka kwenye 25 hivi, na seli zake hazikuwa na kasoro. Alitumia fomula ya Soumpasis ya 1983: 0.224 mara mraba wa nusu kipenyo cha doa, ugawe kwa muda ambao mwanga hurejea nusu. Muda huo ulikuwa milisekunde 37. Nusu kipenyo aliandika mikrometa 1, kwa kuwa ndivyo duara lilivyochorwa kwenye programu.

Duara la skrini ni amri kwa leza, si kipimo cha doa. Na kwa kuwa nusu kipenyo hupigwa mraba, ukikiongeza kwa asilimia 20 jibu hupanda kwa asilimia 44.

Tulianza na seli tulizozifiksi kwa paraformaldehidi ya asilimia 4, ambamo protini karibu yote imekwama. Duara lilelile, nguvu ileile ya leza. Picha ya doa tukaigawanya, pikseli kwa pikseli, kwa picha iliyopigwa kabla ya kupausha. Hatua hii naisisitiza kwa kila mtu, kwani mwanga wa seli haujatandaa sawasawa, na usipogawanya, unene wa seli utausoma kama umbo la doa. Kisha tukapitisha mstari katikati ya doa, tukaulinganisha na mkunjo wa Gauss (wenye umbo la kengele), na kupima kutoka kitovuni hadi pale kina cha shimo, yaani pengo la mwanga uliopauka, kinapobaki asilimia 14 ya kile cha kitovuni. Tukapata nusu kipenyo cha mikrometa 1.3. Hata kwa lenzi yenye NA (uwezo wa kukusanya mwanga) ya 1.4 na leza ya nanomita 488, nukta ya mwanga ina nusu kipenyo cha mikrometa 0.2 hivi, kwa hiyo ukingo wa doa hauwezi kuwa mkali.

Jaribio la kwanza halikufaa: leza ilikuwa kali mno, kitovu kikapauka chote, shimo likawa bapa chini na mkunjo haukulikalia. Doa la namna hiyo hupimwa pana kuliko lilivyo. Tulishusha nguvu hadi kitovuni pakabaki kama nusu ya mwanga.

Kwenye seli hai, picha ya kwanza baada ya kupausha ilitoa nusu kipenyo cha mikrometa 2.4. Tofauti yote hiyo ni protini iliyohama leza ikingali inapausha na kabla darubini haijaanza kusoma. Kwa molekuli nyepesi, milisekunde 20 zinatosha. Fomula ya Kang na wenzake ya 2012 inazihesabu namba zote mbili, nusu kipenyo cha duara la skrini na kile kilichoonekana kwenye seli hai: mraba wa 1 ukijumlishwa na mraba wa 2.4, ugawe kwa mara 8 ya sekunde 0.037. Jibu lilitoka karibu 23.