Kabla ya kumsikia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika Yohana 7 Nikodemo anawauliza wakuu wenzake swali moja tu: torati yetu humhukumu mtu kabla ya kumsikia? Hawamjibu. Wanamuuliza kama na yeye ametoka Galilaya. Ndivyo ilivyo hadi leo. Ukisema fulani asikilizwe kwanza, watu wanakuweka upande wake.

Swali hilo la Nikodemo lilimgharimu sana mtu mmoja ambaye nimekuwa nikimfikiria wiki hii nzima. Anaitwa Gottfried Arnold, Mlutheri wa Ujerumani, mtoto wa mwalimu. Alizaliwa Annaberg, Saxony, mwaka 1666, na mama yake akafariki yeye akiwa bado mdogo. Alisoma teolojia Wittenberg, kwenye chuo kikuu alichofundisha Luther mwenyewe, lakini aliyemgusa zaidi ni Philipp Jakob Spener, mchungaji aliyewahimiza Wakristo wakutane majumbani kusoma Neno na kuishi wanachokiamini. Mwaka 1696 Arnold alitoa kitabu kuhusu maisha ya Wakristo wa mwanzo, akakiita Upendo wa Kwanza, kwa maneno ya Ufunuo 2:4. Kitabu kikasifiwa, na mwaka uliofuata mtawala wa Hesse-Darmstadt akamwita Giessen kuwa profesa wa historia.

Hakumaliza hata miaka miwili. Mwaka 1698 aliacha kiti cha uprofesa, akarudi mji wa Quedlinburg alikokuwa zamani, akachapisha maelezo ya sababu zake: maisha ya chuo yalikuwa yamejaa kutafuta sifa, na aliona roho yake inakauka.

Zamani nilikipenda kipande hiki kuliko vyote. Kinahubirika kirahisi, mtu anaacha heshima kwa ajili ya Yesu, watu wanasema amina. Siku hizi naona kazi yake kubwa ni ile iliyofuata, maana Quedlinburg hakukaa akiomba tu. Alirudi kwenye meza akaandika historia ya kanisa na wazushi, yaani watu waliohukumiwa na kanisa kwamba wanafundisha imani potofu, tangu Agano Jipya hadi mwaka 1688, ikatoka 1699 na 1700, na kwenye jina lenyewe la kitabu akatangaza kwamba haipendelei upande wowote.

Tazameni alichokifanya. Historia nyingi za wazushi ziliandikwa kutokana na maneno ya waliowahukumu. Maandishi ya mshtakiwa mara nyingi yalichomwa, kikabaki kile ambacho askofu au mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema juu yake. Arnold akatafuta maneno ya watu wenyewe: barua zao, maungamo yao, vitabu vilivyopigwa marufuku. Akawapa nafasi Waanabaptisti, wale waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, na watu kama Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz aliyenyamazishwa na mchungaji wa mji wake. Akasema mara nyingi anayemwita mwenzake mzushi ndiye aliye mbali na Kristo, na kwamba kanisa liliharibika hasa tangu siku za Konstantino, kaisari wa Roma aliyelikumbatia kanisa, lilipopata upanga wa serikali wa kuwapigia wapinzani wake.

Basi moto ukawaka. Christian Thomasius, mwanasheria wa Halle, alikisifu kitabu hicho kuwa bora kuliko vyote baada ya Biblia. Mwanateolojia wa Kilutheri Ernst Salomon Cyprian na wengine wakakishambulia, na tuseme ukweli, walikuwa na hoja. Arnold aliwasikiliza wazushi kwa uvumilivu mkubwa, lakini wachungaji wa kanisa lake hakuwapa hata nusu ya uvumilivu huo. Aliyeahidi kutopendelea alipendelea. Hilo halinifanyi nimdharau. Linanitia woga, maana kama yeye aliteleza, mimi je?

Baadaye alioa, jambo lililowashangaza waliomwona kama mtawa, kisha akaingia katika uchungaji wa kanisa lile lile alilolikosoa. Mfalme wa Prusia, ufalme wa Kijerumani wa siku zile, alimpa cheo cha mwandishi wa historia wa ufalme. Tangu 1707 alikuwa mchungaji katika mji wa Perleberg. Hapo, Pentekoste ya mwaka 1714, ibada ikiendelea, waandikishaji wa jeshi la Prusia waliingia kanisani wakipiga ngoma, wakawakamata vijana kwa nguvu. Mfalme wa wakati huo alikuwa mwana wa yule aliyempa cheo. Arnold alikuwa tayari mgonjwa. Siku kumi baadaye akafariki, akiwa na miaka 47. Upanga aliouandikia kurasa nyingi vile ulikuwa umefika mbele ya madhabahu yake.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nilichokuwa nikisoma habari zake, nikakumbuka daftari. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa baraza la wazee, katika usharika ambao sitautaja. Tulimtenga dada mmoja. Mwandiko ni wangu: ajenda ya nne, mistari mitatu. Kosa lake, azimio letu, muda wa kutengwa. Kisha kikao kikafungwa kwa sala. Nimejaribu sana kukumbuka alisema nini siku ile, na sikumbuki, kwa sababu hakuwepo. Tulisema ataarifiwa kwa barua. Barua niliiandika mimi.

Mtu akija baada ya miaka mia moja kulisoma daftari lile, atajua tulichosema sisi juu yake, wala hatajua zaidi ya hapo. Hata jina lake nililikosea herufi moja.

Anakaa bado upande wa sokoni, anauza dagaa na nyanya. Huwa napita nikimsalimu kwa kuinua mkono tu. Juzi nilisimama. Alinisogezea kigoda, akapangusa vumbi kwa khanga, akaniambia, "Karibu, mzee. Leo umekuja kununua au kukaa?"

Nikakaa.