Vidole vya Mama

Leo mama amerudi kwenye cherehani. Nimeacha kazi zangu zote nikakaa kumtazama. Uzi unapita vidoleni mwake bila kukwama.

Mwaka jana ulikuwa unakwama. Ngozi ya kando ya kidole gumba na cha shahada ilikakamaa, ikapasuka mistari myeusi kama ya makanika anayeshinda kwenye grisi. Tukalaumu sabuni. Nikamnunulia vaselini hapa sokoni Arua, nikaona yamekwisha. Kisha kikaja kikohozi kikavu, mapaja yakaisha nguvu hata kuinuka mkekani mpaka ashikwe mkono, na habari ya vidole tukaisahau.

Kwetu kikohozi kisichokoma ni TB. Makohozi yakapimwa mara mbili, hayakuonyesha kitu, lakini akaanzishiwa dawa za TB vivyo hivyo. Miezi miwili anameza na anakonda, na kutoka jikoni hadi mlangoni anahema. Hilo linaniuma mpaka leo. Kuifikiria TB si kosa, inaua watu wengi huku. Kinachoniuma ni kwamba katika miezi yote ile hakuna aliyemshika mkono akautazama.

Aliyeutazama ni daktari mmoja Kampala, tulikofika kwa basi la usiku kupitia Karuma. Aliweka stethoskopu chini kabisa mgongoni, akaniita nami nisikilize: mlio kama wa ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto ukibanduliwa. Halafu akavigeuza vidole vya mama kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza kidogo, akaandika vipimo vingine kabisa.

Damu ikaonyesha kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya vijidudu, iitwayo anti-Jo-1. Tangu siku ile nimesoma mengi. Kingamwili hii haimlengi mdudu, inalenga kimeng'enya cha mwili wenyewe, kile kinachoandaa histidini, moja ya matofali ya protini, ili seli ijenge protini. Ina ndugu zake, zinazolenga vimeng'enya vya aina hiyo hiyo: anti-PL-7, PL-12, EJ, OJ. Ngozi ya vidole inapasuka, misuli inavimba, na mapafu nayo yanavimba na kuota makovu. Kwa wengine mapafu ndiyo hutangulia, misuli ikiwa bado mizima, na hapo ndipo watu wanapotea njia. Ipo nyingine, anti-MDA5, inayoweza kuharibu mapafu ndani ya wiki chache kwa mtu asiyelalamikia misuli hata kidogo. Kwa hiyo kuijua kingamwili kwa jina lake humwonyesha daktari aogope nini, na afanye haraka kiasi gani.

Mama alianza na prednisoloni, ikafuata azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Kwa dawa hizo uso umejaa, sukari tunaipima kila mara. Makovu yaliyokwisha kuingia mapafuni hayafutiki, daktari hakutuficha.

Jioni ameniita. "Mwanangu, njoo unitungie uzi kwenye sindano."

Moyo ukanipasuka. Nikamshika mikono, nikaigeuza.

"Vidole ni vizima," akasema. "Ni macho tu, giza limeingia."