Joto la Sayari za Mbali
Wakati wa kiangazi anga la Dodoma huwa safi, na usiku ambao Mshtarii iko juu, mtu aliyesimama uani huku Kikuyu na darubini ndogo ya mkononi anaweza kuiona pamoja na miezi yake minne mikubwa, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ikiwa imejipanga karibu katika mstari mmoja. Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, hakionekani kwa darubini hiyo: Mshtarii, Zohali na Neptuni hutoa joto jingi kuliko lile zinalopokea kutoka kwa Jua, kwa kuwa sehemu ya joto la kuumbika kwake bado inavuja kutoka ndani. Neptuni, iliyo mbali kuliko zote, ina pepo zinazozidi kilomita 2,000 kwa saa, nami hustaajabu kwamba mahali penye mwanga hafifu kiasi hicho pana dhoruba kali namna hiyo. Uranusi ni tofauti. Imelala ubavu, mhimili wake umeinama nyuzi 98, na joto lake la ndani ni dogo mno. Chombo kimoja tu cha angani, Voyager 2, ndicho kilichozipitia Uranusi na Neptuni, mwaka 1986 na 1989, na kwa maoni yangu tumechelewa sana kutuma kingine.