Tangi Mbele, Injini Nyuma

Volkswagen Beetle yangu ni ya mwaka 1972, na ilikuwa imeishi Tanga miaka mingi kabla sijainunua. Hivi karibuni ilianza tabia mpya: nikipita barabara ya mashimo inazima, nikisubiri kama dakika kumi inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi mmoja alinishauri nibadilishe pampu ya mafuta, nikabadilisha, na ugonjwa ukabaki palepale. Jibu lilikuwa ndani ya tangi. Kutu iliyotulia chini hutibuka gari linaporuka, ikavutwa hadi kwenye wavu wa tundu la kutokea mafuta na kuuziba; injini ikizima, mvuto wa pampu hukoma, uchafu ukaanguka tena sakafuni, na petroli ikapata njia.

Kutu hiyo niliifuga mwenyewe. Tangi la Beetle huchukua lita zipatazo 40, nami nilizoea kuweka lita tano tano. Nafasi iliyobaki hujaa hewa yenye unyevu wa pwani, usiku bati likipoa unyevu hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, huzama na kukaa chini. Siku hizi gari likitarajiwa kulala zaidi ya wiki moja, nalijaza.

Kulishusha tangi si kazi kubwa, kwani liko chini ya boneti ya mbele na limeshikwa na boliti nne. Nilichomoa waya wa betri kwanza, nikafanyia kazi nje chini ya mwembe, mbali na jirani anayekaanga mihogo. Tangi lililokaushwa mafuta linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Kwa hiyo sikuruhusu fundi wa kuchomelea alisogelee. Nilimimina siki pamoja na nati 30, nikalitikisa, nikaliacha siku mbili, nikalitikisa tena. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Nati zilitoka 29, na ile moja ilinigharimu nusu saa ya kulipindua tangi huku na huku, watoto wa mtaa wakihesabu kwa sauti. Baada ya hapo nililisuuza kwa maji yenye magadi, nikalikausha papo hapo kwa upepo wa kompresa na kuliogesha kwa petroli yenye oili kidogo, maana bati lililo uchi hushika kutu siku hiyohiyo. Sikupaka rangi ya kuziba kwa ndani: ikikuta kutu iliyosalia hubanduka vipande, na vipande hivyo huenda kulekule kwenye wavu.

Kilichonitia hofu hasa kilikuwa nyuma. Petroli husafiri katika bomba la chuma lililopita ndani ya mgongo wa katikati ya gari, hutokea karibu na giaboksi, kisha huingia kwenye mpira unaoelekea kwenye pampu na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mpira wa asili umevikwa kitambaa, na kitambaa hicho huficha nyufa; wangu niliukunja kati ya vidole ukapasuka kama muwa mkavu. Pale bomba linapopenya bati la mbele ya injini panatakiwa kuwa na pete ya mpira, nayo haikuwapo, hivyo bati lilikuwa limeanza kulikeketa bomba. Juu ya hayo, mtu fulani aliwahi kuning'iniza filta ya plastiki juu ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, mahali ambapo tone moja linatosha kukutana na cheche. Krankesi ya injini hii, yaani kasha lake kuu, ni ya aloi ya magnesi, ambayo ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji.

Nimebadilisha mipira yote na klipu zake, nimeweka pete, na filta nimeihamishia chini ya gari, nje ya chumba cha injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, hufungua boneti ya nyuma na kunusa.